Stripu za viraka kumi au viwili? Ulinganisho kwa anayeagizia zahanati ya Tanga

Ukienda duka la vifaa vya tiba mjini Tanga kuulizia stripu za mkojo, vile vipande vyembamba vya kuchovya vyenye viraka vinavyobadilika rangi, muuzaji anakurudishia swali kabla hujamaliza: "Za ngapi?" Zipo za viraka viwili, vitatu, kumi, hata kumi na moja. Wengi hujibu bila kufikiri: nipe za kumi, zinapima vingi. Kwa maabara inayopokea kila aina ya mgonjwa, jibu hilo si baya. Kwa anayetaka kuchunguza watu wasiolalamika kitu, wanafunzi, wajawazito, wazee wa mtaa, bado hajaligusa jambo lenyewe. Idadi ya viraka haisemi kila kiraka kinawaona wagonjwa wangapi kati ya waliopo, wala kinawapita wangapi.

Kipimo cha uwezo huo ndio unyeti: kati ya watu mia wenye tatizo kweli, stripu imewaona wangapi. Pacha wake ni umahususi: kati ya mia wasio na tatizo, wangapi wameachwa bila kusingiziwa. Kwenye stripu moja unaweza kukuta kiraka kinachoona vizuri na jirani yake haoni karibu kitu. Ndiyo maana nalinganisha kwa swali unalotaka lijibiwe, si kwa boksi.

Kichocho: damu kwenye mkojo

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo stripu inapomlipa mtu wa Tanga kuliko kwingine. Kichocho cha pwani yetu ni cha mkojo. Mnyoo wake unaitwa Schistosoma haematobium na hupitia konokono wa jamii ya Bulinus, wale wa madimbwi, mabwawa na vijito visivyokwenda kasi. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa kinachowasumbua zaidi ni kichocho cha tumbo, mnyoo mwingine na konokono mwingine. Tofauti hii ishike, tutaihitaji.

Unayo njia nne za kuchagua.

Ya kwanza haina gharama: kumuuliza mtoto kama anakojoa damu. Usiidharau. Utafiti uliofanyika wilayani Kilosa takriban 1990 ulionyesha kwamba maswali mepesi yanayoulizwa shuleni yanaweza kuzitambua shule zenye tatizo kubwa. Shule, si mtoto mmoja mmoja. Mvulana aliyezoea kuona mkojo mwekundu kwa wenzake hudhani ndiyo kukua, na msichana aliyevunja ungo huona haya au huchanganya na siku zake. Kwa hiyo maswali ni mazuri kwa afisa anayetafuta aanzie shule ipi, mabaya kwa nesi anayetaka kujua ampe nani dawa.

Ya pili ni kiraka cha damu. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti nyingi, yalikipa unyeti wa asilimia 75 na umahususi wa asilimia 87 kikilinganishwa na darubini. Kiraka cha protini kilipata 61 na 82 kwa kichocho hicho hicho, kwa hiyo ukiwa na vyote viwili sikiliza cha damu kwanza.

Asilimia 75 inasikika nzuri, lakini ipeleke shuleni uone. Chukua watoto 1,000 wa kijiji ambako mtoto mmoja kati ya watano ana kichocho. Wagonjwa ni 200. Stripu inawaona 150, hamsini wanarudi darasani na minyoo yao. Katika wale 800 wazima, 104 wanaonekana wagonjwa. Si mbaya: zaidi ya nusu ya walioambiwa wana kichocho, wanacho kweli. Sasa dawa zimegawiwa miaka kadhaa na kijiji kimebaki na wagonjwa 20 kati ya hao 1,000. Stripu ile ile inawaona 15, na pembeni yao inawasingizia takriban 127. Kati ya kila watoto tisa au kumi waliosomeka "damu ipo", mwenye kichocho ni mmoja. Stripu haikubadilika, kijiji ndicho kilichobadilika. Tena hesabu hiyo ni ya huruma, maana minyoo ikiwa michache damu nayo huwa kidogo, na unyeti wenyewe hushuka.

Haki itendeke lakini: baadhi ya hao "waliosingiziwa" ni wagonjwa ambao darubini ndiyo iliyokosa mayai yao.

Ukikiangalia kiraka kwa karibu kina mengi ya kusema kuliko neno "chanya". Kikavu ni cha manjano. Seli nyekundu chache zikiwa nzima, hukitia madoa madoa ya kijani kama kimetiwa kalamu. Zikiwa zimepasuka, kiraka chote hugeuka kijani kwa pamoja, na damu ikiwa nyingi huenda kwenye buluu iliyokolea. Hakitambui kama damu imetoka kwenye kibofu kilichochubuliwa na mayai au kwenye hedhi. Jiki iliyobaki kwenye kikopo kilichooshwa nyumbani pia hukiwasha. Kinyume chake, vitamini C nyingi kwenye mkojo hukizima. Msababishaji mkubwa ni vidonge, lakini msimu wa machungwa Muheza si vibaya ukauliza mtu amekunywa nini tangu asubuhi. Kuna stripu zilizotiwa kemikali iitwayo iodeti ili zisiathiriwe na vitamini C. Karatasi ya ndani ya boksi husema, na mimi ningeongeza bei kidogo nizipate hizo.

Ya tatu ni kuchuja mkojo na kutazama kwa darubini. Unachanganya mkojo vizuri, unavuta mililita 10 kwa sirinji, unaupitisha kwenye chujio, unaweka chujio juu ya kioo. Yai la kichocho cha mkojo halikosewi ukishaliona: limerefuka, na mwiba wake uko nchani kabisa. Yai la kichocho cha tumbo mwiba wake uko ubavuni. Darubini pia inahesabu, jambo ambalo stripu haiwezi: mayai 50 au zaidi kwa mililita 10 ni maambukizi mazito, chini ya hapo ni mepesi. Udhaifu wake ni kwamba mayai hayatoki sawa kila siku. Mtu anaweza kuwa hana leo na kesho akawa nayo. Na yana saa zake: hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Sampuli ya alfajiri iliyoletwa na mzazi kwenye chupa ya maji ni kazi bure kwa darubini, hata kama mzazi amehangaika nayo kwa baiskeli kutoka Pongwe.

Ya nne ni kaseti ya mkojo ya CCA, inayotafuta kemikali ya mnyoo badala ya damu au mayai, na inafanana na kipimo cha mimba. Inasifiwa sana Kanda ya Ziwa, na inastahili: kwa kichocho cha tumbo unyeti wake ulikuwa asilimia 89 kwenye mapitio yale yale. Kwa kichocho chetu cha mkojo ulikuwa asilimia 39. Mtu akikuletea kaseti hizo Tanga akisema "zinapima kichocho kwa mkojo", hajadanganya, lakini usinunue.

Nichague nini? Kijiji ambacho kichocho kimezagaa, kiraka cha damu kinatosha, kwa sababu praziquantel, dawa ya kichocho, ni salama na anayepewa bila kuihitaji hadhuriki sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unakwenda mbele zaidi: jamii yote yenye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi ipewe dawa kila mwaka, kuanzia umri wa miaka 2, bila kumpima kila mtu. Chini ya hapo ndipo kumpima mtu mmoja mmoja kunapopata maana, na ndipo stripu peke yake inapochoka. Hapo tumia stripu kupunguza foleni, kisha darubini iamue. Na mwanamke mwenye maumivu chini ya kitovu, uchafu usioisha na kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, ambaye ameoga na kufua mtoni tangu utotoni, stripu safi isimtoe chumbani. Kichocho cha sehemu za siri kinaweza kuwepo bila damu wala yai kwenye mkojo, na wengi wa hawa wameshatibiwa magonjwa ya zinaa mara nyingi bila kupona.

Mjamzito: protini

Kwa mjamzito tunatafuta protini kwa sababu ni moja ya dalili zinazotangulia kifafa cha mimba. Kiraka chake kinaona albumini, aina moja ya protini, zaidi ya protini nyingine. Huanza kubadilika rangi protini ikifika takriban miligramu 15 hadi 30 kwa desilita, na alama ya +1 ni kama 30, +2 kama 100, +3 kama 300. Rangi hutoka manjano kwenda kijani, na mpaka kati ya "kidogo sana" na +1 ndipo manesi wawili wenye macho mazima hupishana.

Tatizo lake ni maji. Kiraka kinapima ukali wa mkojo uliopo kwenye kikopo, si protini inayopotea kwa siku nzima. Mama aliyekunywa madafu mawili akisubiri zamu yake kliniki mkojo wake umezimuliwa, na +1 yake imepotea. Aliyekuja kwa miguu juani bila kunywa kitu anaweza kupata +1 isiyo na maana. Mkojo uliokaa hadi ukawa na alkali kali, sabuni ya kuulia vijidudu kwenye kikopo, au ute wa ukeni, vyote huleta protini ya uongo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2004 yalifikia hitimisho ambalo halijapendwa na wengi: +1 kwa mjamzito haitoshi kuthibitisha wala kukanusha kwamba protini imevuka miligramu 300 kwa saa 24.

Ukiilinganisha stripu na kukusanya mkojo wa saa 24, la pili ni sahihi zaidi na halitekelezeki kwenye zahanati. Mbadala wa katikati ni kupima uwiano wa protini na kriatinini (taka ya mwili inayotoka kwenye mkojo) kwa sampuli moja, kipimo kinachohitaji maabara kubwa zaidi. Kwa kliniki ya kawaida bado nachagua stripu, kwa sharti kwamba mashine ya presha ndiyo inayoongoza. Mazungumzo ya namna hii yasitokee:

"Mama, mkojo wako safi, hauna protini."

"Alhamdulillahi. Lakini nesi, kichwa kinanigonga tangu juzi, na macho yanaona ukungu."

"Basi pumzika, kunywa maji."

Huyu presha yake ikiwa 140/90 au zaidi ni wa rufaa ya hospitali, stripu iseme inavyotaka. Siku hizi hali inayotangulia kifafa cha mimba inakubalika kitaalamu hata bila protini, presha ikiwa juu na dalili nyingine za hatari zikiwapo. Kwa kazi hii stripu ya viraka viwili, protini na sukari, inafanya sawasawa na ya kumi. Viraka vinane vya ziada havimwoni huyu mama vizuri zaidi.

Wenye kisukari na wenye presha ya muda mrefu ni hadithi nyingine. Figo zao huanza kuvujisha albumini kidogo, miligramu 30 hadi 300 kwa siku, na kiwango hicho kiraka cha kawaida kwa sehemu kubwa hakikioni. Ukimwambia mzee wa kisukari "figo ziko sawa" kwa sababu stripu ya kumi haikubadilika, umempa faraja isiyo na msingi. Zipo stripu maalumu za albumini ndogo, na kipo kipimo cha uwiano wa albumini na kriatinini. Kwa kliniki ya kisukari agiza hizo hata kama ni chache na kwa zamu.

UTI: viraka viwili vinavyosomwa pamoja

Tanzania hii ukipimwa mkojo ukarudi bila UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, unaonekana umeonewa. Mara nyingi kinachosababisha ni kiraka cha seli nyeupe kusomwa peke yake. Seli nyeupe huingia kutoka ukeni kirahisi, hasa kama mwanamke hakuelezwa kuacha mkojo wa mwanzo uende na kukinga wa katikati.

Kiraka cha pili, cha naitraiti, ni kinyume chake. Bakteria kama E. coli hugeuza naitreti iliyomo kwenye mkojo kuwa naitraiti, lakini wanahitaji muda, kama saa nne mkojo ukiwa kibofuni. Mtu anayekwenda chooni kila nusu saa kwa sababu ya UTI yenyewe hawapi muda huo. Na wapo bakteria wasioweza kabisa kazi hiyo, kama Enterococcus. Kwa hiyo naitraiti ikiwaka, iamini. Isipowaka, hujajua kitu: kwa wajawazito wasio na dalili huwapita karibu nusu ya wenye bakteria. Ukihesabu kwamba chochote kati ya hivyo viwili kikiwaka ni chanya, unanasa wengi zaidi, ila unaongeza wanaosingiziwa.

Mwanamke kijana mwenye maumivu ya kukojoa, stripu ya viraka hivi viwili inasaidia sana. Kumchunguza mjamzito asiye na dalili, Shirika la Afya Duniani linataka kuotesha bakteria wa mkojo maabara, na pasipo na uwezo wa kuotesha, kupaka rangi ya Gram inayofanya bakteria waonekane na kutazama kwa darubini kabla ya kuitegemea stripu. Zahanati yenye darubini na mtaalamu wa maabara haina sababu ya kuruka hatua hiyo ya pili.

Sukari, na mimba

Sukari ya mkojo nitaipita haraka. Figo huanza kuimwaga pale sukari ya damu inapovuka takriban 10 mmol/L. Kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0 mtu akiwa hajala. Mwenye 8 asubuhi ni mgonjwa na kiraka chake ni safi. Wajawazito wengine humwaga sukari bila kisukari, na wanaotumia dawa za kisukari kama empagliflozin au dapagliflozin watakuwa na sukari kwenye mkojo kila siku, kwa sababu ndivyo dawa zinavyofanya kazi. Tone la damu kidoleni ndilo linalochunguza kisukari.

Stripu ya mimba ni aina nyingine kabisa, na unyeti ulioandikwa kwenye pakiti yake si asilimia bali ni kiwango kidogo kabisa cha homoni ya mimba inachoweza kuona. Ile ya 25 mIU kwa mililita inatosha kwa aliyekwisha kuchelewa siku zake. Ya 10 huona mapema zaidi, na namba ikiwa ndogo ndivyo inavyoona zaidi, jambo linalowachanganya wauzaji wenyewe. Kwa zahanati nanunua ya 25. Zote mbili hazijui mimba iko wapi, kwa hiyo mwenye maumivu makali ya upande mmoja na mistari miwili apelekwe hospitali akaangaliwe kama imetunga nje ya kizazi.

Jicho, mashine, na hewa ya bahari

Mashine ya kusomea stripu haiongezi unyeti wa kemikali. Inachofanya ni kuhesabu muda na kuondoa ubishi wa rangi. Muda ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani: kwenye stripu nyingi za kumi, sukari husomwa sekunde ya 30, damu na protini ya 60, seli nyeupe ya 120. Anayechovya stripu tano, akapokea simu, kisha akazisoma zote kwa mpigo, anasoma rangi ambazo hazipo kwenye chati. Zahanati yenye wagonjwa wengi na umeme wa uhakika inafaidika na mashine, ila ujue inakufunga kwenye stripu za kampuni moja. Zahanati ndogo inatosheka na saa ya ukutani na meza iliyo karibu na dirisha.

Unyevunyevu ndio adui wa Tanga. Stripu nyingi zinataka zihifadhiwe zisizidi nyuzi 30, na Februari mchana wetu unavuka hapo bila taabu. Kopo likiachwa wazi, kiraka cha naitraiti huanza kuwaka bila bakteria yeyote, na viraka vinavyofanya kazi kwa vimeng'enya huchoka. Kuzikata stripu katikati ili ziongezeke, au kuzihamishia kwenye bahasha za kugawia vijijini, kunaua unyeti wote niliouzungumzia huko juu. Friji nayo si mahali pake, kwa sababu ukilitoa kopo baridi na kulifungua, viraka hulowana.

Kwa bajeti ya zahanati moja ya nje ya mji, ningeagiza stripu za damu na protini kwa ajili ya shule, za protini na sukari kwa kliniki ya wajawazito, na kopo moja tu la kumi kwa wagonjwa wenye dalili. Pesa iliyobaki iende kwenye machujio na sirinji za kichocho. Makopo ya stripu 50 au 25 yakipatikana, chukua hayo badala ya ya 100 hata kama kila stripu itakuwa ghali kidogo. Kopo la 100 kwenye zahanati inayopima watu wanne kwa siku linafunguliwa na kufungwa kwa majuma, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha muda baada ya kufunguliwa, tofauti na tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye lebo. Andika kwa makapeni siku uliyolifungua, na ukikuta kiraka kimebadilika rangi kabla ya kuchovywa, kopo zima litupwe.